Shule ya watoto 160

Mwalimu mkuu alisoma taarifa ya mapato na matumizi bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoaminiwa. Ruzuku ya uendeshaji iliyopokelewa mwezi uliopita, shilingi 80,000. Chaki, 12,000. Karatasi na wino wa kudurufu mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja ya shule jirani, 31,000. Nauli ya kwenda benki na halmashauri, 20,000. Bawaba na komeo la mlango wa darasa la nne, 14,500. Salio, 2,500.

Akaikunja karatasi.

Baba mmoja aliyekaa kwenye dawati la nyuma, magoti yamemfika kifuani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenye redio tunasikia mabilioni. Hizo nyingine ziko wapi?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu akajibu taratibu: "Ndizo hizo, mzee wangu. Nyingine hakuna."

Nilikuwa pale kama mjomba. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mpwa wangu anasoma darasa la tano katika shule ile. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, dada yangu hunipigia simu Morogoro mjini, nami napanda mlima.

Mkutano uliisha kwa maazimio ya kawaida: kila kaya debe la mawe kwa ajili ya choo cha wasichana. Nilishuka na bodaboda nikiwa na swali la yule baba, na kwa wiki kadhaa likawa haliniachi. Niliamini mwalimu anasema kweli. Na yule baba naye hakuwa mchochezi. Redio ilitaja mabilioni, na mabilioni yalikuwepo.

Basi yalipita wapi hadi yakafika juu kule yakiwa elfu themanini?

Njia ya fedha

Nilianza na kilicho wazi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 ndio ulioeleza nani anabeba nini katika elimumsingi bila malipo. Serikali inabeba ada, mitihani, uendeshaji. Mzazi anabeba sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa. Januari ya mwaka huo serikali ikaanza kupeleka shilingi bilioni 18.77 kila mwezi, fedha zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kupitia halmashauri.

Jambo hilo sitalibeza hata siku moja. Wanaokumbuka miaka ya kabla yake wanajua shule zilivyokaa miezi na miezi zikisubiri ruzuku, na ilipokuja ilikuja pungufu. Sasa inafika, na mwalimu mkuu anaiona kwenye akaunti.

Lakini ndani ya fungu lile mlikuwa pia na fidia ya ada za sekondari na chakula cha wanafunzi wa bweni. Kinachohusu shule ya msingi ni kitu kimoja: shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinafika 6,000.

Piga hesabu. Watoto 160 mara 6,000 ni shilingi 960,000 kwa mwaka. Gawa kwa miezi 12.

Elfu themanini.

Hakuna aliyekula. Nilirudia hesabu ile mara kadhaa nikitafuta pengo, na pengo halikuwepo. Lingekuwepo, tungejua la kufanya: tungemshika mtu, tungeandika kwa mkurugenzi, tungempigia kelele diwani. Lakini fedha zilikuwa zimefika zote, kwa wakati, na bado shule haikuwa na bawaba ya pili.

Elfu kumi ya mwaka gani?

Kiwango hiki hakikuzaliwa 2016. Kilikuja na MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Wakati ule kilikuwa dola 10 kwa mwanafunzi, na dola 10 zilikuwa karibu sawa na shilingi 10,000. Leo shilingi 10,000 hazifiki dola 5. Ila sitaki kukaa sana kwenye dola, maana kule mlimani hakuna anayenunua chaki kwa dola. Muulize tu aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule mwaka 2003 boksi la chaki lilikuwa bei gani, na mfuko wa saruji. Kisha ongeza nauli ya kuupandisha huo mfuko kwa pikipiki mpaka pale njia inapoishia, na ujira wa kijana anayeubeba kichwani kipande kilichobaki.

Kilichonishtua zaidi ni hiki. Tangu mwaka wa fedha 2016/17 mwalimu mkuu wa shule ya msingi analipwa posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi. Ni haki yake. Kazi ile naijua, na sioni wivu. Lakini weka namba mbili hizi pamoja. Ili shule ipokee shilingi 200,000 kwa mwezi za uendeshaji, inapaswa kuwa na wanafunzi 400.

Shule yetu inapokea chini ya nusu ya kile anacholipwa mtu mmoja kwa jukumu la kuisimamia.

Vitu visivyopungua

Niliposimulia hesabu hii mjini, rafiki yangu mmoja mhasibu alinijibu kwa haraka. Watoto wachache, akasema, matumizi machache. Ruzuku kwa kichwa ndiyo haki yenyewe. Kila mtoto wa Tanzania anapata sawa, awe Kariakoo awe Uluguru.

Nilikosa jibu siku hiyo. Maneno yake yana uzito. Ukianza kusema mtoto huyu apewe zaidi ya yule, utajieleza mbele ya mzazi mwenye mtoto katika darasa la watoto 130 jijini, mzazi ambaye naye ana kilio chake cha kweli.

Jibu lilinijia nilipoirudia karatasi ya mwalimu, mstari kwa mstari.

Madaftari ya maandalio na karatasi za mitihani hupungua watoto wakipungua. Hapo mhasibu yuko sahihi. Lakini nauli ya kwenda benki ni 20,000, uwe na watoto 160 au 1,600. Mlango wa darasa la nne una bawaba zilezile, wawe ndani watoto 20 au 90. Paa lina mabati yaleyale. Mtihani wa ujirani mwema unachapwa kwa madarasa yaleyale, na anayeendesha mashine anaanza kuhesabu kabla nakala ya kwanza haijatoka.

Shule yenye watoto 1,600 inapokea shilingi 800,000 kwa mwezi, na nauli ile inameza sehemu ndogo sana. Kwetu inameza robo.

Kwa hiyo mtoto wa kule juu hapati 6,000 sawa na mwenzake. Anapata kinachobaki baada ya mlima kuchukua chake.

Walimu wanne wanatosha, wanasema

Nikiwa bado na hilo, nikakutana na la pili, na lilikuwa lilelile kwa sura nyingine.

Uwiano unaotumika katika kupanga walimu wa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Gawa 160 kwa 45: unapata tatu na nusu na kidogo. Funga hesabu kwa juu, walimu wanne. Kwa kipimo hicho shule yetu haina upungufu. Tena ikipata wa tano, kwenye jedwali inaonekana ina ziada, na afisa anayetafuta wa kumhamishia shule iliyoelemewa anajua pa kumtoa.

Lakini kuna awali, na kuna darasa la kwanza hadi la saba. Vyumba vinane, ratiba nane, walimu wanne.

Mwalimu wa mpwa wangu anaandika ubaoni zoezi la darasa la tano, anatoka, anavuka uwanja, anafundisha la tatu nusu kipindi, anarudi kusahihisha. Ana vipindi vingi kiasi kwamba nikimsalimia ananijibu akiwa anatembea. Mmoja akiugua, au akienda semina, madarasa mawili yanakwenda kuungana na mengine mawili. Naye mwalimu mkuu anafundisha kama wenzake, na siku akiteremka benki, la saba wanajisomea.

Ajira za walimu zinapangwa kitaifa. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuhamisha walimu ndani ya eneo lake, na anayeteua mkurugenzi ni Rais. Kamati ya shule, iliyochaguliwa na wazazi, inaweza kuomba. Inaomba kila mwaka.

Kamati inasimamia nini?

Hili lilinisumbua kuliko fedha zenyewe.

Kwenye karatasi, kamati ya shule ni chombo kikubwa. Wajumbe wanachaguliwa na wazazi, mwalimu mkuu ni katibu, na kamati inapitisha mpango wa shule na kufuatilia mapato na matumizi. Juu yake kuna serikali ya kijiji, kamati ya maendeleo ya kata chini ya diwani, halmashauri yenye kamati yake ya elimu, kisha TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa nchini. Ngazi zote zipo, mihuri ipo, na tangu 2017 kuna mfumo wa kielektroniki wa kihasibu unaotaka hata shule ndogo ionyeshe kila shilingi.

Lakini kaa kwenye kikao uone kilicho mikononi mwao. Kiwango cha ruzuku kimewekwa. Idadi ya walimu imewekwa. Vitabu vinakuja kama vinavyokuja. Na michango, ambayo zamani ilikuwa ndiyo fedha ya kamati hasa, ina mipaka mikali tangu waraka wa 2016, na mikali zaidi tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku walimu kukusanya michango na kuagiza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi.

Katazo lile niliunga mkono, na bado naliunga. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya hela ya mlinzi. Nimemwona mama akiuza mkungu wa ndizi haujakomaa ili mtoto aingie darasani. Yeyote anayezungumzia michango kana kwamba ni ari ya wananchi peke yake aanze kwa kumkumbuka mama yule.

Ila katazo liliondoa mzigo bila kujaza pengo, na pengo la shule ndogo lilikuwa kubwa zaidi.

Kilichobaki mikononi mwa kamati ni jasho. Mawe, mchanga, maji ya kumwagilia zege, vijana wa kuchimba msingi. Kijiji kinainua boma mpaka renta, kisha kinasubiri halmashauri ije kupaua. Kuna maboma nchi hii yaliyosubiri mpaka miti ikaota ndani. Mzee mmoja, mjomba wa ukoo uliotoa ardhi ya shule, alisimama mkutanoni akasema: "Sisi hatukatai kazi. Tunachotaka kujua ni kazi hii inaisha lini." Milima hii ina kumbukumbu ndefu. Mwaka 1955, Matombo, watu waligoma kulima matuta waliyoamriwa na serikali ya kikoloni, na mgogoro ule ukaishia kwa risasi za polisi. Siwafananishi wakoloni na serikali yetu, hata kidogo. Ninachosema ni kwamba watu wa hapa wakiombwa nguvu zao, huuliza kwanza nani aliamua.

Na swali la mzee lilikuwa la haki. Hakuna aliyekuwa ukumbini mwenye uwezo wa kulijibu.

Mtoto mmoja ni asilimia ngapi

Matokeo ya darasa la saba yanapotoka, kila shule hupimwa kwa asilimia. Kitaifa asilimia hizo zinapendeza: kutoka 30.7 ya ufaulu mwaka 2012 hadi zaidi ya 80 mwaka 2024. Sitaingia kwenye ubishi wa kama watoto wanajua zaidi au mtihani umebadilika. Ubishi huo una wenyewe.

Ninachojua ni kwamba shule yenye watahiniwa 16, kila mtoto ni zaidi ya asilimia 6. Mmoja akiamka na malaria siku ya mtihani, mwingine akiwa amehamia kwa shangazi yake Turiani mwezi Agosti, shule imeporomoka. Mwaka unaofuata wakija watoto watatu wepesi kwa wakati mmoja, shule imepanda, na mwalimu mkuu anapongezwa kwenye kikao cha wilaya kwa mikakati ambayo yeye mwenyewe haijui.

Nimemsikia mwalimu akiitwa kujieleza kwa nini shule imeshuka. Alijieleza kwa kurasa mbili. Angeweza kuandika majina mawili ya watoto, yangetosha.

Na hapa ndipo nilipopata kitu kilichonigeuza mawazo. Kwa miaka mingi, Baraza la Mitihani lilipokuwa likipanga shule kwa ufaulu, lilitenga makundi mawili: zenye watahiniwa 40 na zaidi, na zenye chini ya 40. Yeyote aliyewahi kufungua kurasa zile anakumbuka. Baadaye Baraza liliacha kutangaza shule bora. Matokeo ya kidato cha nne yaliyotoka Januari 2023 hayakuwa na orodha ya kumi bora. Lakini kwa miaka yote ile lilikuwa limekubali hadharani kwamba shule ndogo haipimwi kwa mizani ya shule kubwa.

Yaani serikali ileile, katika chumba kimoja, iliona. Wanaopima matokeo walijua kwamba idadi ndogo inapotosha. Wanaogawa fedha na walimu wanaendelea kugawanya kwa kichwa.

Basi ifungwe?

Rafiki yangu mhasibu alikuwa na swali la mwisho, na nililiogopa. Kama shule ndogo ni ghali hivyo, kwa nini isiunganishwe na ya jirani?

Nimelifikiria bila kutaka kushinda ubishi. Kuna mahali jibu ni ndiyo. Shule mbili zilizotenganishwa na uwanja mmoja, kila moja na mwalimu mkuu wake, ziungane.

Kwetu shule ya jirani iko ng'ambo ya bonde. Masika mto unajaa, na gogo la kuvukia linakwenda na maji. Mtoto wa awali, miaka mitano, hawezi njia ile, na wa darasa la kwanza akiiweza atafika amelowa hadi kifuani. Tena serikali yenyewe imekuwa ikienda upande wa pili: katika fedha za UVIKO-19, kati ya vyumba 15,000 vilivyojengwa, 3,000 vilikuwa vya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, ili watoto wadogo wasitembee umbali mrefu. Huwezi kwa mkono mmoja kujenga shule shikizi kwa sababu mtoto ni mdogo na njia ni ndefu, kisha kwa mkono wa pili kuihudumia kama vile udogo wake ni kosa lake.

Shaka nyingine bado ninayo. Ukiweka nyongeza kwa shule ndogo, je, vijiji havitaanza kudai kila kitongoji kiwe na shule yake? Huenda vitaanza. Mwanasiasa atapita akiahidi. Kwa hiyo nyongeza lazima ifungwe na jiografia: umbali, mto, mlima. Watu wa halmashauri wanazijua shule hizo kwa majina bila kufungua faili.

Na kuna hili la 2028. Kwa mtaala mpya, watoto wa darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Baada ya hapo shule zote za msingi zitakuwa na darasa moja pungufu, kwa hiyo na watoto wachache, na kwa hiyo ruzuku ndogo zaidi. Shule kubwa itapumua. Ya watoto 160 itakuwa ya 140. Mlima haupungui.

Tulichoandika

Mkutano uliofuata niliomba kusema. Niliandika hesabu ubaoni kwa chaki, ile ya 12,000, nikaanza na 10,000 nikashuka hadi 80,000. Yule baba wa dawati la nyuma alifuatilia kila mstari, akanisahihisha mahali nilipogawanya vibaya, kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, nilikufikiria vibaya." Mwalimu akatikisa kichwa tu, akaendelea kuandika muhtasari.

Tulikubaliana kupeleka barua kwa diwani ili iingie kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata. Ina maombi mawili. La kwanza, shule isiyoweza kuunganishwa iwe na kima cha chini cha ruzuku, shilingi 200,000 kwa mwezi, hata kama idadi ya watoto haifikishi. Kwa shule yetu, nyongeza ni shilingi 1,440,000 kwa mwaka. La pili, katika shule hizo walimu wahesabiwe kwa idadi ya madarasa.

Tunajua kata haina mamlaka ya kubadili waraka. Halmashauri lakini ina mapato yake ya ndani, na madiwani ndio wanaoyapangia matumizi. Wanaweza kuanza na shule chache kabla TAMISEMI haijasema neno.

Mheshimiwa diwani aliisoma barua barazani kwake, akauliza jambo moja la maana: "Shule za namna hii kwenye halmashauri yetu ni ngapi?" Hatukuwa na jibu. Ofisi ya elimu inalo, kwa sababu kila shule hupeleka takwimu za wanafunzi kila mwaka. Akasema ataomba orodha hiyo kwa maandishi, na Afisa Elimu Kata, aliyekuwa amekaa pembeni, akaahidi kumsaidia kuichambua kwa umbali na mito.

Kikao cha kata ni mwezi ujao. Barua ni ajenda ya nne.